Tarumbeta Lililoimba Alto

Jumanne, tarehe nne Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu yasiyokatika, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yakakaribia bomba la moshi la jiko la hospitali. Siku kama hiyo dobi wa hospitali hana rafiki. Shuka hazikauki, wodi zinapiga simu, na kila anayepita mlangoni anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeagiza mvua.

Nilikuwa naingiza shuka kwenye mashine ya pasi nilipomwona Katibu akikunja mwavuli wake mlangoni. Tulimwita Katibu tu. Alikuwa katibu wa Mheshimiwa, yule tajiri aliyejenga wodi mpya ya wanawake na ambaye sasa alikuwa anautaka ubunge. Katibu alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu safi. Hata siku ya matope viatu vyake vilikuwa safi, na jambo hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, ila usiegemee hilo bomba. Lina mvuke."

Kazini waliniita Mwalimu kwa sababu nilifundisha kwaya ya wafanyakazi. Wengine walilitamka jina hilo kwa utani, maana walijua nimeanza kusoma nikiwa mtu mzima, katika masomo ya jioni, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti yangu hayakuingia chini yake. Huko nilijifunza kusoma, na huko mzee mmoja mstaafu alinifundisha nota za do, re, mi. Tangu hapo Mungu alinifungulia, nikawa natunga.

"Mheshimiwa anakusalimia," Katibu alisema. "Anasema ile nafasi yako ya chuo cha muziki iko tayari. Mwezi wa tisa unaingia darasani kama binti."

"Binti mwenye mvi."

Alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akatazama shuka zinavyotoka upande wa pili zikiwa zimenyooka.

"Kuna jambo dogo tu. Wimbo wenu wa siku ya ufunguzi. Mheshimiwa ameupenda sana. Anaomba uongezwe ubeti wa tatu."

"Ameupenda ameusikia wapi?"

"Amesikia sifa zake." Hakusita hata kidogo. "Ubeti wenyewe tayari upo. Hatutaki kukusumbua." Akausema pale pale, huku mashine inanguruma, kama mtu anayesoma bei za bidhaa:

"Umejenga wodi, umeweka taa,
Baba wa wagonjwa, nani kama wewe?"

Niliendelea kuingiza shuka. Mikono yangu ilijua kazi, nami nilihitaji muda.

Wimbo ule niliutunga kwa ajili ya wodi ya wanawake ya zamani, ambako mama yetu alifia. Siku zake za mwisho alikuwa akiogopa taa zikizimwa. Hakuogopa kufa, aliogopa kusahauliwa gizani. Nilikaa naye nikamwombea, na maneno niliyomwombea ndiyo yaliyokuja kuwa wimbo. Ulikuwa na beti mbili. Ubeti wa kwanza ulisema, "Taa ikizimwa wodini, Wewe hulali. Mlango ukifungwa, Wewe hutoki." Ubeti wa pili ulisema, "Jina langu likisahauliwa, Wewe waniita. Nikikosa sauti ya kujibu, Wewe wasikia." Basi. Baada ya hapo niliacha kimya, kwa sababu mama naye alinyamaza.

Sasa nilitakiwa nimwambie Mungu kwa beti mbili kwamba Yeye halali, halafu kwenye ubeti wa tatu nigeuke nimwambie tajiri kwamba hakuna kama yeye.

"Nitaliombea jambo hili," nilimwambia Katibu.

"Liombee, Mwalimu. Ila usiliombee sana. Ile nafasi ina wengi wanaoitolea macho."

Akafungua mwavuli wake, akatoka. Na alipokuwa akiruka dimbwi la pale nje, akawa anavumisha wimbo puani, kama mtu asiyejua kwamba anafanya hivyo.

Nilizima mashine.

Ulikuwa wimbo wangu. Lakini hakuwa akivumisha wimbo wenyewe. Alikuwa akivumisha alto.

Hapa lazima nieleze jinsi tunavyofanya kazi. Kwaya ina sauti nne. Soprano ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu anaukumbuka. Alto, sauti ya pili ya wanawake, hupita chini yake, na kwa wanaume kuna tena, sauti yao ya juu, na besi, ile nzito ya chini. Mimi hufundisha kila sauti peke yake, katika chumba cha pasi, baada ya kazi. Naandika nota ubaoni, tunaimba, nafuta. Sauti moja ikiondoka ndipo nyingine inaingia. Nafanya hivyo kwa sababu watu wetu wakisikia soprano mapema, wote wanaikimbilia, hata besi. Wimbo mzima tunausikia kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya kuuimba.

Kwa hiyo mpaka asubuhi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuusikia wimbo huo mzima isipokuwa mimi, kichwani mwangu. Na Katibu alikuwa akiuvumisha akidhani alto ndiyo wimbo. Alikuwa amefundishwa na mtu wa alto.

Nilipiga magoti katika stoo ya mashuka, mahali ninaposali siku zote. Nilitaka kuomba hekima. Badala yake nikajikuta namsomea Mungu majina ya washukiwa.

Wa kwanza alikuwa mpokeaji wa wagonjwa, mwimbaji wa alto, ambaye hospitali nzima ilimwita Redio. Ukimwambia jambo asubuhi pale mapokezi, saa ya chakula unasimuliwa tena jikoni, limeongezewa chumvi. Mchana ule nilimpelekea mapazia yake mimi mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida namwachia mtu mwingine.

"Mwalimu kaleta mapazia kwa mikono yake," alisema. "Leo kuna jambo."

"Hakuna. Katibu wa Mheshimiwa hupita hapa?"

"Kila mtu hupita hapa. Hapa ni mlangoni."

"Mnaongea?"

Akaweka kalamu chini. "Ninyooshee maneno, dada."

"Kuna mtu katoa wimbo wetu nje."

"Na umenifikiria mimi."

Nikaanza kukunjua mapazia.

"Sikiliza," Redio alisema, akaniinamia juu ya meza yake. "Mimi nikipata siri natangaza kwa wote. Sifanyi biashara ya rejareja. Kama wimbo wako ungekuwa mdomoni mwangu, hata wagonjwa wa meno wangekuwa wanauimba."

Nilicheka bila kutaka. Lakini nilipokuwa narudi kwenye mashine zangu nilijiuliza mbona jibu lake lilikuwa tayari vile. Mtu anayetuhumiwa bila kosa si hukasirika kwanza?

Wa pili alikuwa Mkunga, naye wa alto. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno machache, nami siku zote nilimheshimu kwa hilo. Sasa uchache wa maneno yake ulianza kunisumbua. Kesho yake, nikiwa naanika, nilimwona akishuka kwenye gari jeusi la Mheshimiwa pale lango la nyuma. Alifunga mlango taratibu, akatazama kulia na kushoto, akaingia ndani. Shuka ilikuwa bado mikononi mwangu, inachuruzika maji miguuni, nami nimesimama tu.

Kuanzia hapo nilimchunga. Mazoezini nilimsikiliza yeye kuliko wengine wote. Alipokohoa nilishuku kikohozi. Alipofika mapema niliona anataka kuiba, alipochelewa niliona ametoka kwa Katibu. Nilimsalimia kwa heshima ile ile, "Habari za kazi, mama," huku moyoni namwandikia mashtaka. Nilijua si sawa. Nilisali kuhusu hilo pia, na sala zangu zikawa fupi na kavu, kama nguo iliyopigwa pasi mara mbili.

Alto walikuwa wachache, na kila nilipowapanga kichwani kulikuwa na mmoja niliyemruka. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa msaidizi wa maabara. Tuliishi nyumba moja, sisi wawili tu tangu mama aondoke. Jioni moja nilimkuta ananyoosha sare mpya za kwaya, zile alizotununulia Mheshimiwa, za bluu zenye ukosi mweupe.

"Dada, na chuoni utavaa nini?" aliniuliza. "Huwezi kwenda na hayo magauni yako ya kunuka sabuni."

"Nani kasema naenda?"

Pasi ilisimama kidogo mkononi mwake. "Kwani huendi?"

"Wanataka niongeze ubeti wa kumsifu."

"Ubeti mmoja tu, dada."

"Ubeti mmoja kwenye sala ni kama inzi mmoja kwenye uji. Huunywi tena."

"Wewe bwana." Akageuza gauni. "Watu wanaimba sifa za watu kila siku, na Mungu hajaanguka kutoka mbinguni. Umelilia shule maisha yako yote. Shule imekuja mlangoni, unaiuliza imetumwa na nani."

"Ndiyo, naiuliza."

Akarudi kwenye gauni. Mimi nilidhani amechoka. Nilimsimulia habari za Mkunga na gari jeusi, na yeye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akipita na pasi mahali pale pale palipokwisha kunyooka. Nilimwambia, "Angalia usije ukaunguza." Hayo tu ndiyo niliyoyaona.

Siku moja kabla ya ufunguzi tulikutana mchana katika uwanja mdogo mbele ya wodi mpya. Mvua ilikuwa imekatika. Mahema yalikuwa yamefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na utepe umeviringishwa mlangoni ukisubiri mkasi. Madirisha ya wodi ya zamani yalikuwa upande wa pili, na wagonjwa wanaoweza kusimama walisogea kutazama. Katibu alikuwepo, viatu safi. Na pembeni ya jukwaa kulikuwa na bendi ya matarumbeta ambayo sikuiita.

"Zawadi ya Mheshimiwa," Katibu alisema. "Watawasindikiza. Wimbo wameshajifunza."

"Wamejifunza kwa nani?"

"Mwalimu, leo ni siku ya furaha."

Niliwapanga wanakwaya. Besi nyuma, na katikati yao fundi umeme wetu, mnene na mcheshi, tuliyemwita Volti. Soprano mkono wa kushoto, alto mkono wa kulia. Niliinua mikono. Kiongozi wa bendi akaitikia kwa kichwa, tarumbeta la kwanza likaanza kuwafungulia njia.

Lilipiga alto.

Lilipiga kwa nguvu na kwa ufasaha, alto tupu, likijiamini kabisa kwamba ndilo wimbo. Mengine yakalifuata. Soprano walifungua midomo, wakaifunga tena, wakatazamana. Mwimbaji mmoja wa tena akajaribu kuingia, akapotea. Nyuma nikasikia sauti ya Volti, nzito na ya upole:

"Mwalimu, samahani. Huu wimbo tunauimba sisi au ndugu yake?"

Besi wakacheka. Lakini mimi nilikuwa bado nasikiliza, kwa sababu bendi ilikuwa haijasimama. Ilifika kwenye neno "hulali." Na hapo tarumbeta likaburuza. Badala ya kuigusa nota moja kwa moja, lilianzia chini yake, likapanda polepole kama mtu anayeburuza kiti sakafuni, ndipo likafika. Halafu likavuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anavuta pumzi.

Ninaujua mburuzo ule. Ninaijua pumzi ile. Nimevipigia kelele tangu mwenye navyo akiwa mtoto anaimba huku anaosha vyombo.

Alto wote walikuwa wamegeuka. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanamtazama mdogo wangu.

Kiongozi wa bendi alishusha tarumbeta, hajui amefanya nini. "Tumekosea, mama? Tumeushika kama tulivyosikia kwenye simu. Hata ule ubeti wa tatu ameuimba vizuri yule dada."

Ule ubeti wa tatu. Kumbe haukuwa ukinisubiri mimi. Ulikuwa umeshaimbwa tayari, kwa sauti ya nyumbani kwangu.

"Ndiyo maana," Mkunga alisema. Yule mwanamke wa maneno machache alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Wiki nzima umenitazama kama mwizi wa mashuka. Niliazimwa gari nikamfuate mama mwenye uchungu huko bondeni, ambulensi ilikuwa imekwama. Ningeulizwa ningesema."

"Mimi aliniuliza," Redio alisema. "Aliniuliza mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe."

"Nisameheni," nilisema, nao wakanitazama, lakini macho yao hayakuwa ya kusamehe. Yalikuwa ya kungoja.

Mdogo wangu alitoka kwenye mstari. Alikuwa amevaa ile sare ya bluu.

"Ni mimi, dada. Alikuja maabara, akanirekodi kwa simu." Hakumtaja Katibu, alimwonyesha kwa kidevu. "Alisema wewe utakataa, na ukikataa chuo hakuna. Alisema bendi ikiujua wimbo, na alto tukiingia na ubeti wa tatu, wengine watafuata wenyewe. Wewe utakuwa hujatunga, kwa hiyo hujakosa. Na nafasi utaipata."

"Alto wengine wanaujua?"

"Niliwafundisha wawili. Hao walio pembeni yangu. Waliamini umeniagiza wewe."

Wale wawili wakatazama chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa." Akavuta ukosi mweupe wa sare. "Wewe ulifua shuka za watu nikasoma mimi. Mimi nimemaliza shule, wewe umejifunza kuandika jina lako ukiwa mtu mzima. Kila siku nakula deni hilo. Nilitaka mara moja tu na mimi nikupe kitu."

Nilimtazama machoni nikitafuta uongo. Huko ndiko nilikokuwa nimefika, kumkagua mdogo wangu kama shuka yenye doa. Sikuuona uongo. Nilimwona mtoto yule yule anayevuta pumzi mahali pasipostahili, na bado nilikuwa na hasira naye, na hasira hiyo iliniuma zaidi kwa sababu sikuwa na mahali pa kuiweka.

Katibu alisogea katikati yetu taratibu, kama mtu anayeingia kanisani akichelewa.

"Jamani, hili ni jambo la familia. Bendi itarekebisha, bado kuna mchana mzima. Mwalimu, tusikuze mambo. Ubeti tayari watu wanaujua, bendi inaujua. Wewe simama tu mbele, uinue mikono kama kawaida. Hakuna anayekuomba uimbe." Akashusha sauti zaidi. "Sare hizi mmevaa. Vitanda vile wagonjwa watalalia. Na mwezi wa tisa uko karibu."

Na hapo, nakiri mbele za Mungu, nilitamani. Nililiona darasa. Niliona dawati la kimo changu, magoti yangu yakiingia chini yake bila shida, na mtu mwenye elimu akinifungulia mambo ambayo siku zote nimeyapapasa peke yangu. Nilijiambia, mikono tu. Kuinua mikono si kusema neno. Ndipo nikaanza kujishuku mwenyewe, kama nilivyowashuku wengine wote, na safari hii shuku yangu ilikuwa imempata mwenyewe.

Upande wa pili wa uwanja mama mmoja mgonjwa alikuwa ameegemea dirisha, shuka yangu imemfunika mabega. Alikuwa anasubiri kusikia wimbo. Hakujua alto ni nini.

Nilimshika mdogo wangu mkono, nikamrudisha kwenye mstari wake. Hakutaka kuniangalia. "Simama hapa," nilimwambia. "Na usiburuze." Mtu mmoja akacheka kidogo. Nikasimama mahali pangu, mbele ya kwaya, bendi ikinisikia, Katibu akinisikia, na madirisha yale yakiwa wazi. Nikasema kwa sauti yote niliyo nayo, ambayo si kubwa:

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, naahidi hivi. Vitanda tunavipokea, na asante tutaitoa kwa maneno yetu, tukiwa tumekaa. Wimbo ni kitu kingine. Kesho nitainua mikono kwa beti mbili. Ubeti wa pili ukiisha nitaishusha, na atakayeendelea kuimba hapo ataimba bila mimi, leo na siku zote. Chuoni sitaingia kwa mlango huo. Na wewe, mdogo wangu, usinilipe kitu, hukuwahi kukopa. Nikilivunja neno hili, msiniite Mwalimu tena."